Milembe na Mzeituni wa Bakuli

Tarehe 30 Novemba 2024 Bibi Milembe Luhende anatimiza miaka sitini na anastaafu, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kukitumikia Kituo chetu cha Miche hapa Bariadi. Kila anachokijua kuhusu udongo, mizizi na mkasi wa kupogolea, alifundishwa na mimi, Jilala Ngeleja, mwendesha mkokoteni wa ng'ombe mstaafu, ambaye siku hizi nakaa getini.

Haya, hiyo sentensi ya pili ni uongo. Violeth wa ofisini aliniambia wasifu uanze kwa kishindo, na kishindo kingine sikuwa nacho. Mimi niliishia darasa la nne, tena hilo la nne nililirudia, kwa hiyo waliosoma watanivumilia. Lakini aliyemwona Milembe siku ya kwanza na bado anapumua ni mimi peke yangu. Wengine wamehamishwa au wamezikwa. Ndiyo maana kalamu imeniangukia.

Ukweli ni huu. Alikuja kama kibarua mwaka 1991, mwembamba kama mpini wa jembe. Mimi ndiye niliyekuwa naleta udongo wa kujazia mifuko ya miche, na sisi watu wa Simiyu udongo wetu mweusi wa mbuga tunautukuza, maana ndio unaotupa pamba na mpunga. Nikaleta mikokoteni mitatu ya mbuga safi, nyeusi kama sufuria. Wiki ya tatu jua lilipokaza, udongo ule ukawa saruji. Miche elfu nne ilinyongwa shingo ikiwa imesimama. Mkuu wa wakati ule akaanza kuilaumu mbegu. Milembe, hana hata mwezi kazini, akaokota donge akalibana mkononi: "Mbegu haina kosa. Huu ni udongo wa shambani. Ukiutia kwenye mfuko, mzizi haupumui." Nikamuuliza kwa dharau nani kamfundisha. Akasema mama yake ni mfinyanzi, na udongo unaofaa chungu ndio unaoua mche. Toka siku hiyo alikuwa ananituma yeye, na mimi nasukuma ng'ombe kwenda alikosema.

Amefanya mengi. Amebebesha miembe, kikonyo cha mwembe mtamu juu ya shina la mwembe wa kienyeji, mpaka watu wakamwita daktari wa maembe. Shule nyingi kati ya Maswa na Lagangabilili zina kivuli kilichopita mikononi mwake kikiwa na urefu wa kidole. Amepewa cheti cha mfanyakazi bora mara nne, na vyote vinne amefunikia ndoo za mbegu panya wasiingie. Mtu yeyote aliyegusa miche bila kunawa alifukuzwa bandani, awe kibarua au mgeni wa mkoa. Mimi nimefukuzwa mara nyingi kuliko mbuzi.

Jambo moja naomba msomaji alisome mara mbili. Miaka yote hiyo Milembe ndiye aliyekuwa anakaanga udongo. Udongo wa kuotesha mbegu lazima upate moto kwanza ili wadudu na magonjwa yafe. Tulikuwa tunaumwaga kwenye bati kubwa, chini tunawasha mabua ya pamba, na yeye anaugeuza kwa koleo, uso wake ndani ya moshi, kila msimu, miaka thelathini na mitatu. Macho yake ni mekundu kwa sababu hiyo. Ameyapata kazini, kama mimi nilivyopata mgongo.

Sasa niuseme mti, maana wengi wenu mtakuja kwenye sherehe kuuangalia mti kuliko kumwangalia mstaafu.

Mwaka 1996 aliletwa hapa Afisa Misitu mmoja, Bibi Klementina, mtu wa Mbulu. Alishuka kwenye basi amepakata kisiki. Kilikuwa kisiki cha mzeituni wa porini, kiling'olewa kwenye shamba lililokuwa linasafishwa huko Karatu, na yeye akakiokota kisiishie jikoni. Akakipanda kwenye bakuli la udongo lenye kina cha vidole vinne, lililofinyangwa na mama yake Milembe. Sisi tulicheka. Mti kwenye bakuli, kama mboga! Alikuwa amejifunza ng'ambo namna ya kuulea mti mkubwa katika chombo kidogo, unazeeka vizuri tu na kimo chake hakizidi kiwiko. Shina limenenepa kama paja la mtu anayekula, majani madogo, chini yake meupe kama yamepakwa unga. Matawi yamezungushiwa waya wa shaba yaelekee anakotaka mlezi.

Klementina alipohamishwa mwaka 2004 alimwachia Milembe ule mti na maagizo: kila mwaka wa nne au wa tano utolewe bakulini, upunguzwe mizizi, upewe udongo mpya. Ukichelewa, mizizi itajaa chombo na maji yatakaa juu kama kwenye sahani, mwisho mti unakufa kwa kiu huku umelowa. Milembe ameyashika maagizo hayo kuliko mimi nilivyoshika amri za kanisa.

Sasa nakuja kwenye kosa langu. Yapo mawili, nitaanza na dogo.

Mimi ni mtu wa utani, hamjakosea mkisema hivyo. Kila akija mfanyakazi mpya nilikuwa namwonyesha mzeituni na kumwambia: "Unaziona hizo waya? Kila waya ni meneja mmoja aliyehamishwa." Waya zilikuwa tano na mameneja waliohama watano, na mfanyakazi mpya anahesabu, anameza mate. Tunacheka. Utani ukatoka getini bila kuniaga. Ulipofika kijijini kwao Milembe, mameneja walishatoka kwenye hadithi wakaingia watu wa hapohapo: waya huu ni binti wa fulani asiyeshika mimba, huu ni kijana wa fulani aliyekwama masomo. Eti Milembe kawafunga wasikue, kama alivyoufunga mti.

Mwezi Agosti mwaka huu alikwenda kuangalia nyumba yake aliyojenga kijijini, ahamie akistaafu. Nyumba ya kituo lazima airudishe, na nyingine hana. Akakuta karatasi ya daftari imebandikwa mlangoni kwa ugali mkavu. Imeandikwa kwa herufi kubwa: USIJE NA KIMTI CHAKO. MACHO YAKO TUNAYAJUA.

Aliileta hadi getini kwangu, ameikunja mara nne. Nilisoma nikaweka kikombe chini, na ile chai sikuinywa tena. Sisi wa huku tunajua karatasi kama ile maana yake nini kwa mwanamke mjane, wa umri ule, mwenye macho mekundu ambayo huku husemwa ni ya mchawi. Wako waliopata karatasi wakadhani ni mchezo. Sitaandika zaidi. Asiyejua amshukuru Mungu.

Toka siku hiyo Milembe alianza kuogopa, na mimi nikaanza kuogopa kwa ajili yake. Mbwa akibweka anaacha koleo na kugeuka. Akimwagilia anasimama ametazama njia. Miaka thelathini na mitatu sikuwahi kumwona akigeuka nyuma. Na kila nikimwona anageuka, nilikuwa nausikia utani wangu ukicheka peke yake huko njiani.

Mwezi Septemba akaja na uamuzi. Mti ulishafikisha mwaka wa tano, maji yalikuwa yanakaa juu, majani ya ndani yana njano. Ilibidi utolewe bakulini kabla ya mvua. Akamwambia meneja, Bwana Limbu, mbele yetu sote wakati wa chai: "Nitautoa mbele yao. Waje na macho yao. Nitawafungulia mzizi mmoja mmoja. Wakiona hakuna kitu mle ndani, midomo itachoka." Bwana Limbu ni kijana, lakini ana akili ya kizee. Akaandika barua kijijini, akaomba waje watu thelathini wakiongozwa na kamanda wao wa sungusungu, walinzi wa jadi, Mzee Bujiku, na akatoa lori la kituo kuwafuata. Siku ikapangwa, Jumamosi tarehe 12 Oktoba.

Wote wakapiga makofi. Mimi mikono yangu ilikuwa imeganda kwenye magoti. Kwa sababu ndani ya lile bakuli kulikuwa na kitu.

Hili ndilo kosa kubwa. Mwaka 2019 Milembe alipobadilisha udongo, mti ulipukutisha majani karibu yote. Alikuwa anapita karibu yake kama mtu anayepita wodini. Wiki ileile akafiwa, akaenda Maswa kuzika, akaniachia nimwagilie. Nikauangalia ule mti nikaona unakufa mikononi mwangu. Hofu ikanishika. Nikafanya ambalo baba yangu angefanya ng'ombe wake akikataa kula: nikaenda kwa mfumu mmoja, mganga wa mbali kidogo, na jogoo kwapani. Akanipa kifurushi cha kitambaa cheusi, saizi ya kidole gumba, nikifukie penye mizizi kiulinde mti na jicho baya. Akanionya kwamba siku nitakayokitaja, kitanigeukia. Nikakichomeka pembeni mwa bakuli, chini ya tawi fupi, nikasawazisha udongo. Milembe aliporudi machipukizi yalikuwa yameanza. Miaka mitano nimejigamba moyoni kwamba niliyeuponya ni mimi.

Sasa mnaelewa. Mwanamke anaita kijiji kizima kije kione kwamba hakuna kitu, na mimi peke yangu najua kitaonekana nini. Kitambaa cheusi, kimefungwa uzi, katikati ya mizizi ya mti wa Milembe Luhende.

Nilijaribu kukitoa. Siku moja mchana watu wakiwa kwenye chakula nilijipenyeza bandani na uma wa jikoni. Nilikuwa nimeingiza meno ya uma kwenye udongo niliposikia nyuma yangu: "Mzee Jilala, umenawa?" Nikasema nimeona siafu. Akaangalia udongo, akaangalia uma, akasema siafu hawaliwi kwa uma. Kesho yake akauhamishia mti stoo ya mbegu na ufunguo akauvaa shingoni. Nilikuwa nimeshaufunga mlango wangu mwenyewe.

Kwa nini sikumwambia? Nimejiuliza. Niliogopa onyo la mfumu, hilo ni moja. Niliogopa uso wake, hilo ni la pili na ndilo kubwa. Na nikawa najidanganya: pengine kimeoza, pengine panya walikibeba. Usingizi ulinihama. Nilipungua mpaka mkanda ukahitaji tundu jipya, mke wangu akadhani nina kisukari.

Jumamosi ikafika. Lori likaingia saa tatu asubuhi. Wakashuka wazee, wanawake, na Mzee Bujiku mbele, filimbi shingoni na fimbo mkononi. Hakuna aliyesalimia kwa sauti. Walikaa kwenye mabenchi chini ya neti ya kivuli, mbali kidogo na meza, na ile nafasi katikati hakuna aliyetaka kuikalia. Mimi nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, upande wa tawi fupi.

Milembe alivaa gauni la kitenge na aproni ya kazi. Kwenye meza aliweka mkasi, msumeno mdogo, kijiti cha mwanzi, ndoo ya maji, na makarai matatu: vipande vya tofali vilivyochekechwa, mchanga mnene wa mto, na mboji kidogo. Mkasi aliupangusa kwa spiriti mara tatu, na nadhani mbili kati ya hizo alikuwa anatafuta pumzi.

Akaanza na waya. "Huu si wa mtu," akasema. "Ni wa tawi. Tawi linataka kwenda juu, mimi nataka liende kando. Likishashika njia, waya unatoka." Akazikata zote tano, akampa Bujiku mkononi. Bujiku akazipokea kama mtu anayepokea nyoka, akazigeuza, akazipitisha nyuma. Zikapita mkono kwa mkono.

Akaja kwenye matawi. Chipukizi linaloelekea chini, kata. Matawi mawili yanayogombania njia moja, moja kata. Majani yakadondoka mezani, migongo yao myeupe juu. Bibi mmoja akauliza kwa nini anaunyonyoa mti mzima. Milembe akamjibu: "Mayu, sasa hivi nakwenda kukata mizizi. Wapishi wakipungua jikoni, na walaji wapungue mezani. Vinginevyo watakufa njaa wote." Yule bibi akaguna kwa kukubali. Mguno ule ulikuwa wa kwanza wa kibinadamu tangu lori liingie.

Kisha akapitisha kisu ukingoni mwa bakuli, akakata waya wa chini unaoushikilia mti, akaushika shina kwa mikono miwili na kuutikisa taratibu. Ukatoka. Umebeba umbo la bakuli lilelile, mizizi imesokotana kama nywele za mwaka mzima. Benchi la mbele likarudi nyuma na watu wake juu yake.

Akachukua kijiti cha mwanzi akaanza kuchana, kutoka nje kwenda ndani, udongo ukimwagika. Alianza upande wa mbali na mimi. Kila mzizi aliofungua aliuinua: "Huu ni mzizi. Na huu ni mzizi." Akikata theluthi, anaacha mwembamba unaonyonya, anaondoa mnene uliozunguka chombo. Mti aliuzungusha kidogo, akachana. Akauzungusha tena. Mimi nilikuwa nahesabu. Niliona tawi fupi linakuja upande wake kama mshale wa saa. Nikamwomba Mungu, nikawaomba na wengine ambao kanisani hatuwataji.

Tawi fupi likafika mbele yake. Kijiti kikaingia mara moja, mara mbili. Mara ya tatu kikatoka na ncha nyeusi.

Yeye ndiye aliyeiona kwanza. Mkono ukasimama. Aliinua macho, hakuniangalia mimi, alimwangalia Bujiku, na kwa kufumba na kufumbua niliona kidole gumba chake kinasogea na kuifunika ile ncha. Mwanamke aliyefukuza mgeni wa mkoa kwa kutonawa, ambaye sijamsikia akidanganya hata uzito wa mbegu, alikuwa anaficha kitu asichokijua kwa sababu ya woga nilioupanda mimi.

Nikasimama. Ndoo ikaanguka, nusu ya watu wakapiga kelele kwa ile ndoo tu.

"Hicho kilicho chini ya kidole chake ni changu," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mbuzi. "Nilikiweka mimi, yeye hajui. Na hadithi ya waya ni yangu vilevile."

Bujiku akanigeukia. "Mzee, unajua unachokisema? Mbele ya watu wote hawa?"

"Najua. Nimeshindwa kulala wiki tatu kwa kukijua."

Nikaeleza yote: majani, Maswa, mfumu, jogoo. Nilipomaliza nikasikia udongo unadondoka kutoka kwenye mizizi. Kutoka nyuma mtu akasema, "Basi mchawi ni huyu wa mkokoteni." Hakuna aliyecheka. Nilihisi ile nafasi ya katikati, ambayo hakuna aliyetaka kuikalia, imehamia kwangu. Ndugu zangu, ni nafasi ya baridi sana. Niliikalia kama dakika moja. Milembe aliikalia miezi miwili.

Bujiku akaamuru nikifungue kwa mikono yangu. Nikakitoa kwenye mizizi, mzizi mmoja mwembamba ulikuwa umekizunguka. Kitambaa kilikuwa kimeoza, kikakatika chenyewe. Ndani yake nailoni, ile iliyopigwa marufuku, imefungwa kwa kuchomwa moto. Nikaitoboa kwa meno, nikingoja kugeukiwa. Ndani ya nailoni kulikuwa na majivu kidogo, manyoya ya sungura au paka, sijui, na kikaratasi kilichoviringishwa. Bujiku akaninyang'anya, akakikunjua, akakisogeza mbali na macho kama wazee tunavyosoma.

"Hesabu," akasema. "Ni hesabu za mtoto. Saba mara nane, hamsini na nne." Akageuza. "Amekosa. Amepata saba kwa kumi."

Yule bibi wa walaji na wapishi ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akashika benchi. Wakafuata wengine, si wote. Bujiku mwenyewe alijitahidi kubaki kamanda, akashindwa. Jogoo wangu, tena mwekundu mwenye kishungi, nimempa mtu akanifungia mtihani wa darasa la tatu!

Milembe hakucheka. Alikuwa ameweka kiganja juu ya mizizi. "Inakauka," akasema. "Mtacheka baadaye. Mzee Jilala, nawa mikono ulete maji." Nikanawa. Mbele ya watu thelathini, nilinawa mpaka kwenye viwiko. Nikanyunyiza, yeye akamalizia kukata. Akatandika vipande vya tofali chini, akauketisha mti, akaufunga kwa waya usitikisike, akajaza mchanganyiko wake na kuushindilia kwa kijiti usiache mapengo ya hewa. Hakuweka hata chembe ya mbuga. Kabla hajafunika, aliwaita wanawake wawili waje waingize vidole wenyewe. Walikuja wameshikana. Wakaingiza. Wakatoka na udongo kwenye kucha na hakuna kilichowapata. Kisha akamwagilia mpaka maji yakatoka chini yakiwa safi.

Lori lilipokuwa linaondoka nilimsikia mmoja akisema, "Tuone kama utapona." Hapo nikaelewa kwamba hatujamaliza. Ukifa watasema ameutoa nguvu akazificha pengine. Ukipona watasema dawa yake kali. Mdomo hauna bakuli, huwezi kuupunguzia mizizi.

Wiki ya kwanza majani yakaanza kudondoka. Ya pili yakazidi. Milembe aliuweka kivulini, hakuupa mbolea, hakuusogeza. Mimi nilikatazwa kuukaribia na nilitii. Kila asubuhi nilikuwa naangalia anavyotembea kutoka bandani, nijue. Siku ya ishirini na sita alikuja getini, akasimama, akasema, "Njoo. Nawa kwanza." Kwenye gamba kuukuu la shina, pale ambapo hakuna hata jani, kulikuwa na vidoti vya kijani vidogo kuliko punje ya uwele. Nilivihesabu kumi na kimoja. Alikuwa analia, na macho yake yalikuwa mekundu kweli, na safari hii moshi haukuhusika.

Bwana Limbu alimwambia mti anaweza kuuacha ofisini kama unamletea shida. Milembe akakataa: "Nikiuacha, watasema nimeuficha." Anakwenda nao. Utakaa barazani, mbele, kila anayepita auone ulivyo. Wale wanawake wawili wameshakuja kwa miguu kumwomba miche ya mipapai, na wameipokea mkononi mwake. Bujiku amesema atapita kwake kila wiki. Lakini aliyeandika ile karatasi hajajitokeza, na wapo ambao bado wanashusha sauti akitajwa. Anaogopa. Mimi pia. Nimeandika hapa kwa jina langu kamili ili atakayetaka kubandika karatasi nyingine ajue mlango wa kuibandika ni wa nani.

Bibi Milembe, kwa niaba ya meneja, wafanyakazi, vibarua, na mbuzi wote uliowafukuza, wabeja, asante sana. Umetupa kivuli ambacho wengine wetu hatukustahili kukaa chini yake. Nyumba yako ikawe na usingizi mzito, mvua ya kiasi, na majirani wanaogonga mlango kwa mkono.

Na sasa nakudai. Mwaka juzi nilikuletea mchanga wa msingi wa nyumba hiyo, mikokoteni saba, ng'ombe mmoja akiwa anachechemea, ukaniahidi uji wa uwele. Sijauona mpaka leo. Nitakuja siku ya gulio, saa nne asubuhi, watu wakiwa wamejaa njiani. Nitaweka kigoda changu nje, mbele ya mlango wako. Uniletee huo uji kwenye kibuyu kwa mkono wako mwenyewe, usimtume mtu, na usimame hapo mpaka niumalize. Tena ukijaze.